Ngeu na shaba: kutoka Toronto hadi Thunder Bay kwa wachoraji wa maji

Jumamosi. Toronto

Safari ya zaidi ya kilomita 1,400, ya kufuata kazi za wasanii wenyeji wa asili wa Kanada kuhusu maji, tumeianza kwa kusimama chini ya kibao cha barabara. Shemeji hakuamini. "Umeniamsha alfajiri yote hii nije kutazama nguzo?"

Nguzo yenyewe iko makutano ya Spadina na Davenport, na vibao vyake vina majina mawili mawili: Ishpadinaa, penye mwinuko, na Gete-Onigaming, mahali pa njia ya kale ya kubebea mitumbwi. Watu wa Anishinaabe, wenyeji wa asili wa huku, walitumia njia hiyo kabla hapajawa na lami wala jiji. Vibao ni halali, vya manispaa, ila chanzo chake ni utundu wa mwaka 2013, pale Susan Blight na Hayden King walipobandika karatasi juu ya jina la Queen Street na kuiita Ogimaa Mikana, njia ya kiongozi. Walikuwa wanawaenzi wanawake walioongoza Idle No More, vuguvugu la wenyeji la kutetea haki na ardhi yao. Hiyo Queen Street ni ya Malkia Victoria, yule yule ambaye Speke alilipachika ziwa letu jina lake mwaka 1858. Mimi ni wa Ukerewe, shemeji wa Mwanza mjini. Nikamwambia sisi hata karatasi moja hatujabandika. Akasema tuingie garini, njaa inauma.

Mchana tukawa Art Gallery of Ontario. Tangu 2018, maelezo ya ukutani kwenye vyumba vya sanaa ya wenyeji na ya Kanada huanza na Kianishinaabe, halafu Kiingereza, halafu Kifaransa. Nilikaa kwenye benchi kutazama wasomaji. Karibu kila mtu analiruka fungu la juu. Lakini kwa kuliruka, jicho limeshaliona.

Tuliyemfuata hasa ni Christi Belcourt, Mmetis (taifa lenye asili ya wenyeji na Wazungu), na picha yake ya 2014 iitwayo The Wisdom of the Universe. Upana wake unakaribia mita tatu. Ukiwa mbali unaona bustani: maua, mizizi inayoshuka, ndege, vipepeo, vyote vimeshikana. Ukisogea mpaka mlinzi akakohoa, unaona nukta. Anachovya ncha ya mpini wa brashi au sindano ya kufumia kwenye rangi, anagusa kitambaa, anainua, anachovya tena, kama mpiga hina anayejaza kiganja cha bibi harusi. Amefuata kazi ya shanga za mabibi wa Kimetis, ndiyo maana kila nukta ina uvimbe mdogo unaonasa taa. Viumbe wengi aliowachora ni wale walio hatarini kutoweka hapa Ontario.

Kuna picha yake nyingine, Water Song, iko Ottawa. Valentino, nyumba ya mitindo ya Italia, waliiomba wakaitia kwenye magauni yao ya 2016, naye alikubali baada ya kuchunguza kwanza mwenendo wao kwenye mambo ya mazingira. Yeye huyo na Isaac Murdoch wa jamii ya wenyeji ya Serpent River wakachora mabango ya watetezi wa maji, wakayaweka mtandaoni bure, achape atakaye. Gauni la tajiri huku, bango la bure kule. Mimi sioni mgongano, shemeji anauona. Tulibishana mpaka kwenye maegesho.

Jumapili. Tobermory hadi South Baymouth

Kivuko kinaitwa Chi-Cheemaun, mtumbwi mkubwa, na kimekuwa kazini tangu 1974. Kinameza magari pamoja na malori, kisha kinakatiza Ziwa Huron kwa muda unaokaribia saa mbili.

Mimi nikipanda kivuko chochote natafuta kwanza jaketi za kujiokolea ziko wapi. Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara na zaidi ya watu 220 wakafa. Mtu wa visiwani kwetu hapandi chombo akiwa na moyo mweupe tena. Shemeji anajua, hakunitania. Tulisimama upande wa kushoto kwenye ukingo. Hatua chache kutoka kwetu palikuwa na mzee mmoja na mjukuu wake wa kike. Mzee akafungua kijaluba, akatoa tumbaku kidogo kwa vidole vya kushoto, akasema maneno mafupi, akaiachia majini. Mtoto naye akapewa yake. Hawakupiga picha wala hawakumwangalia mtu.

"Anatambika," shemeji akaninong'oneza.

Nikamwitikia kwa kichwa. Nimewahi kusoma mara nyingi kwamba hawa ndugu wanayapenda maji, na kila nilipokuwa nikisoma hivyo nilikuwa nawaza kadi ya Valentine. Yule mzee alikuwa anabisha hodi.

Jumatatu. M'Chigeeng, Manitoulin

Hiki ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani vilivyo ndani ya ziwa la maji baridi, kilomita za mraba 2,766. Kina maziwa ndani yake, na baadhi ya maziwa hayo yana visiwa. Ni nchi ya wachoraji pia. Daphne Odjig alizaliwa Wiikwemkoong mwaka 1919, akaja kuwa mwanamke pekee katika kundi la wasanii saba wa asili lililoundwa mwaka 1973. Carl Beam alikuwa wa hapa hapa M'Chigeeng. Picha yake The North American Iceberg ya 1985 ndiyo kazi ya kwanza ya msanii mwenyeji ambayo National Gallery of Canada iliinunua kama sanaa ya kisasa. Kabla ya hapo kazi za watu wake zilihesabiwa kuwa vitu vya makumbusho ya mila, pamoja na mishale na vyungu.

Kwenye kituo cha Ojibwe Cultural Foundation nilikwama mbele ya kijaluba cha gome la mbetula kilichopambwa kwa miiba ya nungunungu. Mwanamke wa hapo, makamo yangu, akaniona nimeinama muda mrefu akanieleza. Mwiba hulainishwa kwa maji kwanza, ukiwa mkavu unavunjika. Unatoboa gome kwa sindano, unapenyeza ncha moja, unaulaza juu ya mchoro, unatoboa tena, unapenyeza ncha ya pili, unazikunja zote kwa ndani. Kisha mwingine. Ndani hushonewa gome la pili ili ncha zisionekane, na ukingo huzungushiwa nyasi yenye harufu tamu. Nilinusa. Nyasi zimekatwa miaka iliyopita, harufu ipo vile vile. Kwenye kifuniko palikuwa na kobe asiyezidi kidole gumba, na mgongo wake ulijengwa kwa miiba iliyobadili mwelekeo kila pembe. Bei sikuuliza, nilijiheshimu.

Kilichonifurahisha zaidi ni rangi. Anong Beam, binti wa Carl, anatengeneza rangi za maji hapa kijijini: madini yaliyosagwa, gundi ya mgunga, asali ya kisiwani, bila kasha la plastiki. Alipokuwa mtoto, wazazi wake walimfundisha kuchuma mawe mekundu yenye chuma kwenye milima ya La Cloche, ng'ambo ya daraja, na kuyasaga yawe ngeu. Mafundi seremala wa zamani wa kwetu walikuwa wakichora mstari wa msumeno kwa udongo wa aina hiyo. Nilinunua kijiwe kimoja chekundu. Shemeji, ambaye hajachora kitu tangu darasa la tatu, alinunua vitatu.

Jumanne. Little Current, Serpent River, Sault Ste. Marie

Daraja la kutoka kisiwani ni la njia moja na huzunguka. Kila saa inapogonga, mchana wa kiangazi, linajipinda kupisha mashua na magari yanangoja. Tulingoja.

Baadaye Barabara Kuu namba 17 ikatuingiza Serpent River. Mto unatoka juu, Elliot Lake, mji wa migodi ya urani, na mwishoni mwa miaka ya 1950 kilijengwa kiwanda cha asidi ndani kabisa ya ardhi ya jamii hii ili kuhudumia migodi hiyo. Sumu ikabaki kwenye udongo na maji, kiwanda kikaondoka. Bonnie Devine ni wa hapa. Alipokwenda kusomea shahada yake alifuatilia habari ya urani hii, na mwaka 2003 akazishona kurasa za madokezo ya utafiti wake ziwe mtumbwi. Mtumbwi wa karatasi, ukubwa wa kweli, umejaa mwandiko. Haufai kuingia majini hata kwa dakika moja, nami nadhani hapo ndipo ukali wake ulipo. Mto umeshaandikiwa ripoti za kutosha kujaza chombo kizima na bado maji hayanyweki kwa amani.

Tulipita darajani polepole. Maji yalikuwa yanang'aa, huwezi kujua chochote kwa macho.

Jioni Sault Ste. Marie, ambapo maji ya Ziwa Superior hushuka kwa kasi kuelekea Huron. Majengo ya Chuo Kikuu cha Algoma yalikuwa shule ya bweni ya Shingwauk. Katika shule za namna hii kote Kanada walipitishwa watoto wa wenyeji zaidi ya 150,000, wakaadhibiwa wakinena lugha za mama zao. Ya mwisho ilifungwa miaka ya 1990. Chifu Shingwauk, ambaye jina lake lilipewa shule, aliwahi kutaka elimu iliyochanganya pande zote mbili. Si hiyo waliyopata wajukuu zake. Kesho nitakutana naye tena, maana yeye ndiye aliyemchorea Schoolcraft, Mmarekani mtafiti wa mila, kwenye gome la mbetula, michoro ya mwamba wa Agawa tunaouendea. Mwaka 1958 Selwyn Dewdney, mtafiti wa michoro ya miambani, aliutafuta mwamba huo na kuupata kwa kufuata kumbukumbu hiyo.

Jumatano. Agawa, tumekatazwa na ziwa

Superior lina kilomita za mraba kama 82,100. Victoria letu lina 68,800 hivi. Kwa eneo wao wa kwanza na sisi wa pili miongoni mwa maziwa ya maji baridi. Kwa kina hatusogei kabisa: letu ni mita themanini na kitu, lao hufika 406. (Watu wa Kigoma wakisoma hapa watacheka wote wawili.) Ziwa hili wenyewe huliita Anishinaabewi-gichigami.

Tulikuta upepo kutoka magharibi. Michoro ya Agawa iko kwenye uso wa jabali linalosimama majini, na ili kuiona unatembea juu ya ukingo wa mwamba wenye mteremko, mguu wa kushoto juu, wa kulia chini, ziwa liko hapo hapo. Leo mawimbi yalikuwa yanaupanda ukingo na kuurudia. Mfanyakazi wa hifadhi, kijana, alitutazama viatu kisha akatikisa kichwa. Tulilala Wawa, tukala samaki na chipsi.

Alhamisi. Agawa

Asubuhi ziwa limetulia. Njia ni fupi, chini ya nusu kilomita, lakini inashuka kwa ukali na kupita kwenye ufa wa jabali mwembamba kiasi kwamba shemeji alivua mkoba wa mgongoni. Kwenye ukingo kuna kamba nene zinazoning'inia mpaka majini, kwa ajili ya atakayeteleza. Niliziangalia kwa mapenzi.

Kisha ukigeuza uso kwenye jabali, huyo hapo. Mishipeshu, paka-mwitu mkubwa wa majini, ana pembe mbili na miiba mgongoni mpaka mkiani, amechorwa kwa ngeu iliyochanganywa na mafuta. Chini yake nyoka wawili, na mbele mtumbwi wenye watu. Ni mdogo kuliko nilivyodhani. Nilikuja na picha ya kitu cha ukubwa wa ng'ombe, kumbe ningeweza kumfunika kwa mikono miwili, kama kugusa kungeruhusiwa. Mwekundu wake si wa kupaka, umeingia. Maji yenye madini yamechuruzika juu ya mwamba kwa miaka mingi na kuacha utando mweupe, na mahali pengine utando umeifunika michoro nusu, mahali pengine ndio unaoilinda. Mbali kidogo kuna mtu juu ya farasi, kwa hiyo si yote iliyochorwa kabla wazungu hawajafika. Aliyechora alikuwa wapi? Ama alisimama pale nilipo mimi, ama ndani ya mtumbwi unaotikisika, mkono mmoja umeshika mwamba.

Mishipeshu ni mlinzi wa maji na wa shaba iliyo chini yake. Akipiga mkia, dhoruba inainuka na mitumbwi inapinduka. Wanaosimulia kisa cha michoro hii wanasema mtumbwi ule ni wa wapiganaji waliovuka ziwa wakafika salama, na picha ni shukrani kwake. Anayeshukuriwa ni yule yule anayezamisha. Nilikaa na jambo hilo muda mrefu, maana ndilo sikuwa nimelipata Toronto mbele ya maua ya Belcourt. Tangu 2018 nimekuwa nikiwasikia watu wa kwetu wakiligawa ziwa: kuna ziwa la samaki na ziwa la vifo, kana kwamba ni mawili. Hapa ni mmoja, ana pembe, unamsalimia, unampa tumbaku yake, ndipo unapita. Mapenzi haya yana hofu ndani, na bila hofu hiyo wangeyaona ya kitoto.

Kwenye nyufa palikuwa na tumbaku, iliyokauka na mpya. Hatukuwa nayo. Shemeji alimimina kidogo chai ya chupa yake, kimya kimya, kwa hiari yake. Sikumuuliza.

Ijumaa. Pukaskwa

Siku ya gari zaidi. Miti, lori, miti. Karibu na Marathon tukachepuka kuingia hifadhi ya Pukaskwa, ufuoni, magogo yaliyotupwa na mawimbi yamepangana kama yanasubiri zamu.

Kiangazi cha 2017 Rebecca Belmore, Mwanishinaabe mwenye asili ya Lac Seul, aliweka hapa mojawapo ya kazi zake za Wave Sound: koni ya kulala chini, inakuita uiname na kuweka sikio ili usikie ziwa. Aliweka nyingine Banff, Gros Morne na visiwa vya Georgian Bay. Ilikuwa ya muda, haipo tena, nami nilitaka tu kufika. Kilichonivuta ni kwamba mwaka 1991, baada ya mgogoro wa Oka, ule wa ardhi ya Wamohawk kule Quebec, Belmore huyo huyo alijenga kipaza sauti kikubwa cha mbao na ngozi, upana zaidi ya mita mbili, akakizungusha kwenye jamii za wenyeji, watu wakasimama mmoja mmoja na kusema na ardhi, mama yao, moja kwa moja. Miaka 26 baadaye akaligeuza bomba upande wa pili: sasa nyamaza, yeye aseme. Katikati, mwaka 2005, alikuwa mwanamke mwenyeji wa kwanza kuiwakilisha Kanada Venice, na kazi aliyopeleka ilikuwa filamu iliyorushwa juu ya pazia la maji yanayoporomoka.

Shemeji alilaza sikio kwenye mwamba mtupu kujaribu. "Nasikia baridi," akasema.

Jumamosi. Thunder Bay

Mji wa bandari, maghala ya nafaka, na ng'ambo ya ghuba rasi ya Nanabijou, jitu la hadithi za wenyeji, iliyolala chali.

Thunder Bay Art Gallery ina mojawapo ya makusanyo makubwa ya sanaa ya wenyeji nchini, na ukiwa hapa unakutana na Norval Morrisseau kwa lazima. Alilelewa na babu yake Sand Point, kwenye Ziwa Nipigon, kaskazini ya hapa. Mwaka 1962 onyesho lake la kwanza Toronto liliuzwa lote. Mistari mizito myeusi, tumbo la mnyama linaonyesha yaliyomo, na kati ya kiumbe na kiumbe kuna mistari inayowafunga, huwezi kumtoa mmoja ukamwacha mwingine. Baadhi ya wazee walimkasirikia kwa kuanika hadharani hadithi zilizokuwa za faragha, Mishipeshu akiwemo. Baada ya Agawa naielewa hasira yao kuliko nilivyoielewa nikiwa sebuleni.

Nilichokiangalia zaidi ni sahihi. Haijaandikwa kwa herufi za Kilatini bali kwa mwandiko wa silabi wa Kikree: Ngurumo-Ndege wa Shaba, jina alilopewa katika tiba alipokuwa kijana mgonjwa. Mwandiko huo alifundishwa na mkewe, Harriet. Sahihi iliyofahamika kote ulimwenguni ni somo la mke kwa mume. Na ndiyo hiyo iliyoigizwa: Machi 2023 polisi walikamata watu wanane, wengine wao wa mji huu huu, na kutwaa zaidi ya picha 1,000 za bandia zilizouzwa kwa jina lake. Dukani, mwenye duka alituambia bila kuulizwa kazi imetoka wapi, imepitia kwa nani. Nadhani siku hizi hawezi kuuza hata postikadi bila kuisimulia ukoo.

Hotelini nilifungua bomba nikanywa. Neskantaga, kaskazini ya hapa, katika mkoa huu huu, watu waliambiwa wachemshe maji tangu Februari 1995. Ruth Cuthand, Mkree wa Saskatchewan, alizitengenezea jamii za namna hiyo kazi moja ya 2016 ambayo naikumbuka kila nishikapo glasi: meza yenye glasi na chupa za watoto, ndani ya kila moja kijidudu cha maji machafu kimefumwa kwa shanga, kizuri mno, rangi zinameremeta. Shanga zile zile.

Usiku tulipiga mahesabu ya kurudi. Shemeji akalalamika kiuno: barabara imemmaliza, viti vya gari havifai, nani alimtuma. Nikamwambia habari ya Josephine Mandamin, mzaliwa wa Wiikwemkoong kule Manitoulin, aliyeishi mji huu. Mwaka 2003, akiwa bibi aliyevuka miaka sitini, alichota maji ya Superior kwenye ndoo ya shaba, akalizunguka ziwa zima kwa miguu pamoja na wenzake. Ndoo hubebwa na wanawake, na ikishaanza safari ya siku haisimami: mmoja akichoka, mwingine anaipokea huku wanatembea, kwa nyimbo na maneno kwa lugha yao, wakisema na maji yaliyomo. Aliyazunguka Maziwa Makuu ya huku, yote matano. Hadi anafariki mwaka 2019 alikuwa ametembea zaidi ya kilomita 17,000, nyingine kwenye bega la barabara hii hii tuliyokuja nayo.

Shemeji akanyamaza kidogo. "Na ndoo haikusimama?"

"Haikusimama."

"Haya," akanirushia funguo. "Wao walikuwa wanapokezana. Kesho unaendesha wewe mpaka Wawa."